Koplo wa Pointi Nne: Namna ya Kusoma Hesabu za Mpira wa Kikapu

Jumamosi alasiri katika Zone Industrielle ya Bujumbura, malori yaendayo na yatokayo bandarini hupungua, milango ya maghala hufungwa, na harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia cha Brarudi hubaki hewani pamoja na upepo wa Ziwa Tanganyika. Ni saa ambayo vijana, askari kwa raia, hutafuta mahali pa kunyoosha viungo. Nyuma ya ghala moja upo uwanja wa saruji wenye nguzo mbili na vikapu viwili visivyo na nyavu. Hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipopata somo ambalo hakulipata katika chuo cha makadeti.

Siku hiyo timu ya wanajeshi ilikutana na timu ya askari polisi katika mchezo wa kirafiki wa mpira wa kikapu. Hapakuwa na kombe. Hata hivyo kila kijana wa upande wetu alifahamu kwamba baada ya mchezo yangeteuliwa majina kumi na mawili ya wale ambao wangekwenda kushindana mbele ya wakubwa. Wachezaji walikuwa kumi na watano. Watatu, basi, hapana budi wangebaki.

Kazi yangu ilikuwa kuandika habari. Wanajeshi walishinda kwa pointi tano, na kabla jasho la wachezaji halijakauka nilikuwa nimekwisha kuimaliza. Shujaa wangu alikuwa kijana mmoja mrefu, mwepesi wa kuruka, aliyefunga pointi nyingi kuliko wote uwanjani. Nilimpamba kwa sifa zote nizijuazo. Mwishoni nikamtaja koplo mmoja aliyecheza karibu mchezo mzima na kufunga pointi nne tu. Niliandika kuwa “hakuonekana”. Mkufunzi wa timu alikuwa ameniomba nimwonyeshe habari hiyo kabla hajaandika orodha yake, kwa maana siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa amechelewa na kukosa kipindi kizima cha kwanza.

Aliyeketi kwenye meza ya mchezo ni mzee mmoja, sajini mstaafu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa karani wa michezo ya askari. Aliinyoosha miwani yake, akaisoma karatasi yangu polepole.

“Afande,” akasema, “umeitazama hesabu ya mchezo?”

“Nimeitazama, mzee.”

“Umetazama safu moja.”

Kisha akavuta kiti, akaniomba niketi.

KARATASI NA DAFTARI

Wengi wetu tunadhani hesabu ya mchezo ni moja. Kwa kweli ni mbili, nazo hufanya kazi tofauti.

Ya kwanza ni karatasi rasmi ya mchezo. Hii ndiyo hati ya kisheria. Ndani yake karani huandika majina na namba za wachezaji, pointi zilivyopatikana moja baada ya moja, makosa ya kila mchezaji, na mapumziko yaliyoombwa na kila mkufunzi. Kwa kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huu, FIBA, mchezo una robo nne za dakika 10 kila moja. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa wino mwekundu, na ya pili na ya nne kwa wino wa buluu au mweusi, ili yeyote atakayeifungua karatasi baada ya mwaka mzima aweze kujua kila pointi ilipatikana wakati gani. Mchezaji akifikisha makosa matano hutoka. Timu ikifikisha makosa manne katika robo moja, kosa linalofuata huwapa wapinzani mitupo miwili ya adhabu. Mchezo ukiisha, mwamuzi mkuu huikagua karatasi na kutia sahihi yake mwisho wa wote, na hapo ndipo kazi ya waamuzi katika mchezo huo hukoma. Askari yeyote aliyewahi kukabidhi zamu atautambua utaratibu huu mara moja.

Ya pili ni daftari la takwimu. Hili halimpi mtu ushindi wala halimnyang’anyi. Kazi yake ni kueleza jinsi ushindi ulivyopatikana. Ndani yake huandikwa mitupo iliyoingia na iliyokosa, ribaundi, yaani mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa, pasi zilizozaa vikapu, mipira iliyoporwa kwa wapinzani, mipira iliyopotezwa, mitupo iliyozuiwa, na dakika alizocheza kila mtu. Mzee wetu alikuwa na vijana wawili waliokuwa wakimwandikia hayo yote katika daftari la shule lenye mistari iliyopigwa kwa rula.

Mimi nilikuwa nimesoma karatasi. Daftari sikulifungua.

HESABU YENYEWE

Mzee alinifundisha kanuni moja ambayo hutumika sana katika ligi za kulipwa, nayo ni rahisi. Jumlisha pointi, ribaundi, pasi zilizozaa vikapu, mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa. Kisha toa mitupo ya kawaida iliyokosa, mitupo ya adhabu iliyokosa na mipira iliyopotezwa. Kinachobaki ndicho kipimo cha faida aliyoileta mchezaji.

Tuchukue mfano wa wachezaji wawili wa kubuni. Wa kwanza amefunga pointi 24, amedaka ribaundi 3 na kutoa pasi 1. Jumla yake ni 28. Lakini amekosa mitupo 14 ya kawaida na 4 ya adhabu, na amepoteza mipira 6. Jumla ya hasara ni 24. Faida yake ni 4.

Wa pili amefunga pointi 4 tu. Amedaka ribaundi 11, ametoa pasi 6, amepora mipira 3 na kuzuia mitupo 2. Jumla ni 26. Amekosa mitupo 2 na kupoteza mpira 1. Hasara ni 3. Faida yake ni 23.

Msomaji anayetazama safu ya pointi atamwona wa kwanza ni mara sita ya wa pili. Anayesoma safu zote atakuta karibu kinyume chake.

Kanuni hiyo nayo haijakamilika. Mzee aliniambia kuwa yapo mambo ambayo haiyaoni: mlinzi anayesimama mahali pake hata mpinzani akaghairi kutupa, au mwenye sauti anayewapanga wenzake. Kwa ajili hiyo wataalamu huongeza kipimo kingine. Huangalia timu ilishinda au ilishindwa kwa pointi ngapi katika zile dakika ambazo mchezaji fulani alikuwa uwanjani, bila kujali nani alifunga. Ni kipimo kisichojali jina la mtu.

KIJANA WA LUBUMBASHI

Yawezekana msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya daftari la mzee mmoja. Basi natutazame ng’ambo, katika michezo iliyoandikwa na inayojulikana.

Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi, katika nchi ya Kongo, mwaka 1992. Tarehe 9 Aprili 2011, huko Portland, Marekani, alichezea timu ya vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani katika mchezo uitwao Nike Hoop Summit. Alifunga pointi 12, akadaka ribaundi 11, akazuia mitupo 10. Kufikisha kumi katika safu tatu kwa mchezo mmoja ni jambo gumu, na hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake katika historia ya mchezo huo. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa saba miongoni mwa vijana wote walioingia katika ligi ya kulipwa ya Marekani mwaka huo. Hata hivyo timu yake ilishindwa siku ile ya Portland, kwa pointi 92 dhidi ya 80.

Miaka mitano ikapita. Tarehe 21 Mei 2016 Biyombo alikuwa akiichezea Toronto katika nusu fainali ya ligi hiyo dhidi ya Cleveland, timu iliyokuwa imeshinda michezo yote 10 ya mtoano iliyokwisha kucheza mwaka huo. Usiku ule alifunga pointi 7 tu. Mwandishi mwenye haraka angepita jina lake kama nilivyolipita mimi jina la koplo. Lakini alidaka ribaundi 26 na kuzuia mitupo 4, na Toronto ikashinda kwa 99 dhidi ya 84.

Mtu ni yule yule. Siku aliyojaza safu tatu timu yake ilishindwa, na siku aliyofunga pointi saba timu yake ilishinda. Hesabu zote mbili ni za kweli, na kila moja yataka isomwe pamoja na hesabu ya timu nzima.

MILANO NA POINTI 31

Mfano wa pili watoka Italia, nchi ambayo ligi yake ya kulipwa ya mpira wa kikapu ni miongoni mwa zile zenye sifa kubwa Ulaya. Mwaka 1986 klabu ya Milano, iliyojulikana wakati huo kwa jina la mdhamini wake, Tracer, ilikutana na Aris ya Ugiriki katika mashindano ya klabu bingwa za Ulaya. Kanuni ilikuwa michezo miwili, mmoja kwa kila mwenyeji, na mshindi ni yule mwenye jumla kubwa ya pointi.

Mchezo wa kwanza ulichezwa Thessaloniki. Aris ilishinda kwa 98 dhidi ya 67. Nikos Galis, mfungaji hodari wa Ugiriki, alitia kikapuni pointi 44 peke yake, karibu nusu ya pointi zote za timu yake. Milano ilirudi nyumbani na deni la pointi 31. Katika kikosi chake walikuwamo watu wenye majina makubwa: Bob McAdoo, aliyewahi kuongoza ufungaji katika ligi ya Marekani kwa misimu mitatu mfululizo, Dino Meneghin na Mike D’Antoni. Mkufunzi wao alikuwa Mmarekani, Dan Peterson. Jambo ambalo mtu angelitarajia ni kwamba wangejaribu kulipa deni kwa kufunga, kufunga, na kufunga.

Juma moja baadaye, mjini Milano, matokeo yalikuwa 83 kwa 49. Milano ilishinda kwa pointi 34, na kwa jumla ya michezo yote miwili ikapita kwa 150 dhidi ya 147.

Hebu tuichambue hesabu hiyo kama tunavyochambua ripoti ya doria. Kutoka kushindwa kwa 31 hadi kushinda kwa 34 ni mageuzi ya pointi 65. Je, zilitoka wapi? Ufungaji wa Milano ulipanda kutoka 67 hadi 83, yaani pointi 16. Ufungaji wa Aris ulishuka kutoka 98 hadi 49, yaani nusu kamili, pointi 49. Kwa hiyo katika pointi 65 zilizobadili mambo, 16 zilitokana na mashambulizi na 49 zilitokana na ulinzi. Robo tatu ya ushindi ule mashuhuri ilikuwa kazi ya watu waliozuia, kazi ambayo katika karatasi rasmi haina safu hata moja ya kuandikwa. Mwezi wa Aprili 1987, huko Lausanne, Milano hiyo hiyo ikatwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuishinda Maccabi Tel Aviv 71 kwa 69.

SIFURI ISIYOPIGWA NA MTU

Turudi nyumbani, kwani Bujumbura nayo ina hesabu yake katika vitabu vya Afrika. Klabu ya Dynamo ya jiji hili ndiyo ya kwanza kutoka Burundi kufuzu kuingia katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, ile iitwayo BAL. Tarehe 9 Machi 2024, huko Pretoria, Afrika Kusini, Dynamo ilicheza mchezo wake wa kwanza kabisa katika ligi hiyo, ikaishinda Cape Town Tigers kwa 86 dhidi ya 73. Kwa timu iliyoingia kwa mara ya kwanza, huo ulikuwa mwanzo wa heshima.

Yaliyofuata yanajulikana. Palikuwa na mzozo juu ya tangazo la mdhamini lililokuwa kwenye jezi, lenye kuitangaza nchi jirani kwa utalii. Katika mchezo wa kwanza tangazo hilo lilikuwa limefunikwa. Dynamo haikucheza mchezo wa pili dhidi ya FUS Rabat ya Moroko, wala wa tatu dhidi ya Petro de Luanda ya Angola, na hapo ikatolewa mashindanoni. Makala haya hayakusudii kuamua mzozo huo. Tunachotazama ni karatasi.

Kanuni za mchezo zasema kuwa timu ikikosa kucheza, mpinzani hupewa ushindi wa 20 kwa 0. Tena katika msimamo, mshindi wa mchezo hupata pointi 2, na aliyecheza akashindwa hupata pointi 1 hata kama amefungwa kwa tofauti ya pointi hamsini. Asiyecheza hupata sifuri. Kwa maneno mengine, kanuni inauthamini mguu uliokanyaga uwanja.

Lakini tazama ile sifuri. Hakuna mchezaji aliyekosa mtupo. Hakuna aliyepoteza mpira. Hakuna aliyezidiwa na mpinzani wake. Mtu atakayezisoma hesabu hizo miaka ishirini ijayo, bila kujua habari, aweza kudhani kwamba timu iliyofunga pointi 86 siku moja ilisahau kufunga siku iliyofuata. Karatasi huandika kilichotokea mezani, na safu ya sababu haina. Sababu hapana budi ielezwe na mtu, tena mtu mwaminifu, ambaye alikuwapo na aliyeuliza.

KOPLO

Hapo ndipo mzee aliponirudisha kwenye mchezo wetu. Alilifungua daftari, akaweka kidole chake penye jina la koplo. Ribaundi zake zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote wa pande zote mbili. Mfungaji hodari wa timu ya polisi, ambaye koplo ndiye aliyepewa kumlinda, alikuwa ametupa mara nyingi na kupata kidogo. Kisha mzee akanionyesha robo ya tatu, iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Katika robo hiyo koplo alikuwa na makosa matatu, akapumzishwa. Tangu alipokaa mpaka aliporudi, polisi walifunga pointi kumi na moja mfululizo, nasi hatukufunga hata moja. Aliporudi, mlango ukafungwa.

“Huyu ndiye uliyeandika hakuonekana,” mzee akasema. Hakusema kwa hasira. “Afande, polisi walimwona.”

Nilinyamaza. Nilikumbuka kwamba katika chuo tulifundishwa kuwa ripoti yenye upungufu ni hatari kuliko kukosa ripoti, kwa sababu kamanda asiye na ripoti hutuma watu kwenda kuangalia, na kamanda mwenye ripoti pungufu huamua papo hapo. Mkufunzi wetu alikuwa anaingoja karatasi yangu aandike orodha. Kila neno nililoandika juu ya yule kijana mrefu lilikuwa la kweli. Pointi zake hazikuwa za kubuni. Lakini kweli ya safu moja ilikuwa karibu kumwacha nyuma mtu aliyeushikilia mchezo, naye asingekuwa na pa kulalamika, kwa maana angeambiwa: tazama, umefunga nne.

Niliichana ile habari, nikaandika upya nikiwa na daftari mbele yangu. Kijana mrefu alibaki na sifa zake, isipokuwa nilitaja pia mitupo aliyoikosa. Koplo nikamweka mahali pake. Mkufunzi alisoma yote mawili, karatasi na daftari, akamwuliza mzee maswali machache, kisha akaandika majina kumi na mawili. Wote wawili walikuwamo. Timu yahitaji afungaye na azuiaye. Kosa langu lilikuwa kudhani kuwa wa pili hayupo.

KWA NDUGU ASKARI

Ndugu wanajeshi na askari polisi, yapo mambo matatu ambayo kila kikosi chenye timu chaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kwanza, wafundisheni watu wawili au watatu kazi ya meza. Huhitaji mashine. Daftari la shule, rula, kalamu mbili za rangi tofauti na saa vyatosha. Mmoja atazame mpira na kutamka kwa sauti, mwingine aandike. Asitazame na kuandika mtu mmoja, maana macho yakishuka kwenye daftari mpira haumngoji.

Pili, andikeni kilichotokea na si kilichopendeza. Ribaundi ya rafiki na ribaundi ya mpinzani zina uzito mmoja. Karani anayemwongezea mwenzake kikapu leo atampa mkufunzi wake timu isiyokuwapo kesho.

Tatu, mkisoma hesabu, someni safu zote, na mkimaliza ulizeni yale ambayo hayana safu. Nani alimlinda nani? Nani alipumzishwa, na nini kikafuata? Kwa nini pana sifuri hapa?

Katika kazi yetu wako wengi wa pointi nne. Ndiye anayesimama lindo usiku kucha penye ghala ambalo halikuvunjwa, na asubuhi daftari la zamu huandikwa “hapana tukio” bila mtu kuuliza kwa nini hapakuwa na tukio. Ndiye dereva ambaye gari lake halijaharibika njiani.

Jumamosi iliyofuata nilipita tena uwanjani pale. Koplo alikuwa akijizoeza mitupo peke yake, naye alikosa mingi. Yule kijana mrefu alikuwa ameketi mezani karibu na mzee, kalamu nyekundu mkononi, akijifunza kuandika.